Kamba ya Gari la Mkutubi

Tangazo lilikuwa na aya saba, na Baltazar Magesa alilifanyia kazi siku nne kabla ya kuridhika nalo. Mtu aliyekuwa mkutubi wa chuo kwa miaka thelathini na moja hawezi kuuza kitu kwa mistari miwili. Aya ya kwanza ilisema kwamba linauzwa gari la spoti la milango miwili, rangi ya damu ya mzee, lililomilikiwa na kutunzwa na mtu mmoja kwa miaka kumi na tisa. Ya pili ilihusu injini, ikataja hata duka la Mwanza ambako vipuri vyake hupatikana bila shida. Ya tatu ilihusu tairi. Ya nne ilikiri kuwapo kwa mkwaruzo wa urefu wa punje ya mchele upande wa kushoto wa bampa ya nyuma, ikaeleza ulivyotokea na nani aliomba radhi. Ya tano ilieleza tabia za gari, ya sita ikaeleza kava lake la turubai ya kijani lililoshonwa kwa kipimo na fundi cherehani, na ya saba iliwaomba madalali wasisumbuke.

Nakala moja aliibandika kwenye ubao wa matangazo wa kanisa, nyingine katika duka la vipuri, na ya tatu kwenye ukuta wa mgahawa jirani na soko la Mwigobero, ambako harufu ya dagaa iliingia katika karatasi kabla gundi haijakauka.

Sababu ya kuuza aliieleza kwa maneno mawili tu, mwishoni kabisa: sababu binafsi. Sababu hiyo, wakati anaandika, ilikuwa imeketi barazani ikichambua mchele.

Mkewe Ghati alikuwa ameanguka bafuni mwanzoni mwa mwaka na kuvunjika nyonga. Walimfanyia upasuaji Mwanza, akarudi Musoma na fimbo pamoja na onyo kwamba asikae mahali palipo chini ya usawa wa magoti yake. Kiti cha gari la Baltazar kilikuwa karibu na ardhi kuliko kigoda cha jikoni. Walijaribu mara moja. Kumwingiza kulichukua nusu saa na msaada wa majirani wawili. Kumtoa kulishindikana kabisa, wakakubaliana apumzike kidogo kwanza. Ghati akaomba chai. Alikunywa kikombe cha kwanza humohumo ndani ya gari, gari likiwa uani, halijasogea hata hatua moja, kisha akaomba cha pili, na kufikia cha tatu wapita njia walikuwa wamesimama getini wakidhani kuna sherehe. Wazee wa kanisa waliokuwa wakitoka mazikoni ndio waliomnasua, wakimvuta kwa heshima na kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Tangu siku hiyo Ghati alitangaza kwamba safari zimemchosha.

Kwao ni Butiama, mwendo usiofika saa moja. Mama yake, Bibi Kwangu, alikuwa na miaka tisini na mitatu, na kila Jumapili baada ya ibada aliazima simu ya jirani ili aulize swali lilelile.

"Gari la mkwe limekufa?"

"Halijafa, mama," Ghati alijibu.

"Basi dereva ndiye aliyekufa."

Baltazar, aliyekuwa ameketi kando akisikia kila neno, alijifanya anasoma gazeti.

Ungeweza kuuliza kwa nini hawakukodi teksi. Hilo lilijadiliwa siku moja tu na kufungwa. Mke anayefika kwao ndani ya gari la mtu mwingine, ana mkoba mkononi na mumewe yuko kimya, haulizwi habari za safari. Wanawake hutandika kitanda chake cha usichana, kwa kuwa kila mtu ameshaelewa kwamba amerudishwa. Ghati alisema afadhali asionekane Butiama mwaka mzima kuliko kuonekana huko ndani ya teksi.

Kwa hiyo gari la chini lilipaswa kuuzwa ili lipatikane la juu. Baltazar hakumwambia mkewe hivyo, asije akajiona mzigo. Alimwambia kwamba vipuri vimekuwa adimu. Ghati naye hakumwambia kwamba amemkumbuka mama yake hadi anamwota, ili mumewe asilazimike kuachana na kitu anachokipenda. Walikuwa katika mwaka wa thelathini na nane wa ndoa, umri ambao watu husemezana uongo mdogo jinsi wanavyopitishiana chumvi mezani.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa Rafaeli, karani kijana aliyevaa miwani ya jua hata alipoinama chini ya gari. Alitazama kila mahali kwa tochi ya simu na hakuona kutu, wala oili inayovuja, wala tope. Alifungua boneti, akaona injini ilivyong'aa, akaifunga polepole kama mtu aliyekosea mlango wa chumba cha wageni. Aliuliza gari liligongwa wapi. Baltazar akajibu kwamba halijawahi kugongwa, akaleta faili tatu za kumbukumbu za matengenezo, zilizopangwa kwa miaka na kwa mada. Kadiri faili zilivyofunguliwa ndivyo Rafaeli alivyozidi kurudi nyuma kuelekea getini.

"Mzee, nisamehe," alisema. "Gari linalosafishwa namna hii lina kitu linaficha."

Wa pili alikuwa Gasper, mfanyabiashara wa dagaa, ambaye hakuwa na wasiwasi wowote. Alilipenda gari kwa macho, hakubishana bei, akatoa simu ili walipane palepale. Ila kabla ya kulipa aliuliza buti linachukua magunia mangapi. Baltazar alipowaza magunia ya dagaa yakilala juu ya zulia ambalo yeye mwenyewe alikuwa akivua viatu kabla ya kulikanyaga, alilifunga buti. Huyu mtu ambaye hakuwa amesema uongo mkubwa tangu sekondari alimwambia Gasper kwamba, kwa bahati mbaya, gari limeshauzwa.

Gasper alipoondoka, sauti ilitoka barazani.

"Limeuzwa kwa nani?"

"Kwa mtu atakayekuja," Baltazar akajibu.

Ghati alipepeta ungo mara mbili. "Baba Isaya," alisema, "wewe hulitafutii gari mnunuzi. Unalitafutia mchumba."

Lilikuwa neno sahihi. Aliingia ndani, akachukua kitambaa laini, akaenda kufuta vumbi ambalo halikuwapo.

Wa tatu alikuja Jumamosi asubuhi kutoka Manyamanyama, Bunda, akiendesha pikapu ndefu kwenda juu, yenye viti safu mbili na mlango ulioandikwa kwa rangi nyeupe: TEREZA NA WANAWE. Alishuka mwanamke wa miaka hamsini na kitu, amevaa viatu vya mpira, kitenge na kofia ya jua. Alijitambulisha kuwa ni Tereza, ila wote humwita Mama Ngolo. Analima pamba na ananunua ng'ombe minadani. Alikuwa ameliona tangazo alipoleta mbuzi mjini, akalipiga picha, na amelisoma.

"Lote?" aliuliza Baltazar.

"Aya saba. Ya tano nimeirudia."

Baltazar alimkaribisha kiti kizuri.

Mama Ngolo hakulikimbilia gari. Alimsalimu Ghati kwa kituo, wakaulizana habari za watoto, mvua na nyonga. Aliomba maji, akayanywa yote. Kisha akaomba gari litolewe na litembezwe mbele yake huku yeye amesimama. Baltazar akalizungusha uani mara mbili, akijisikia kama mtu anayeongoza mnyama wa maonyesho. Mama Ngolo alilitazama likija, akalitazama likienda. Aliinama akanusa moshi. Alipitisha kiganja juu ya kila tairi, kwa namna ya kukagua kwato. Aliupiga mlango kofi moja na kutega sikio. Alipofungua boneti aliinamisha kichwa upande mmoja, namna wanavyofanya minadani wanapohesabu meno.

"Anaitwa nani?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. Baltazar aliangalia pembeni. "Juzuu," alisema kwa sauti ya chini.

"Umeandika kwamba asubuhi za baridi Juzuu anakohoa mara mbili."

"Mara mbili tu. Akikohoa ya tatu, tazama plagi."

"Na kwamba hapendi kuzimwa ghafla."

"Hapendi."

Mama Ngolo akaitikia kwa kichwa, na Baltazar akapata furaha ambayo mkutubi huipata mara chache sana maishani: alikuwa amekutana na mtu aliyesoma hadi mwisho.

Walitoka kwenda kulijaribu kwenye barabara ya Makutano. Mama Ngolo alivua viatu vya mpira bila kuambiwa. Kwenye matuta alipita kwa ubavu, taratibu, tairi moja baada ya nyingine, wakati mguu wa Baltazar ukikanyaga breki isiyokuwapo upande wa abiria. Barabara ilipokuwa tupu alilikanyaga kidogo tu, na gari likaenda. Baltazar alikuwa amejiandalia maswali ya kumhoji mnunuzi, ameyaandika nyuma ya bahasha, lakini alibakiwa na moja: mkulima wa pamba anataka gari kama hili la nini?

"Mimi nilikuwaga dereva wa trekta, mzee. Miaka ishirini na sita," alisema Mama Ngolo, macho yakiwa barabarani. "Trekta ukilikanyaga leo, linaondoka kesho. Kabla sijazeeka nataka kitu kinachofika kabla yangu."

Waliporudi, makubaliano yalikuwa mepesi. Yeye angetoa pikapu yake na kiasi cha fedha juu yake, ambacho kila upande ulikiona cha haki. Mzee mmoja wa kanisa aliitwa kuwa shahidi. Karatasi ya mkataba ilikuwa tayari mezani, kwa kuwa Baltazar alikuwa ameiandika tangu wiki iliyotangulia, ikiwa imeachwa nafasi za majina.

Mama Ngolo alishika kalamu, kisha akaiweka chini.

"Imebaki aya ya nane."

"Ziko saba," alisema Baltazar.

"Ndiyo maana nasema imebaki. Kwa nini unamuuza?"

"Nimeandika. Sababu binafsi."

"Sababu binafsi ni ugonjwa gani?"

Baltazar alikohoa. Akasema, kwa sauti ambayo ingefika barazani, kwamba vipuri vyake vimekuwa adimu. Mama Ngolo akatoa simu, akaikuza ile picha kwa vidole viwili, akamsomea aya ya pili, sentensi ya mwisho, inayotaja duka la Mwanza, mtaa wake na saa za kufungua. Kisha, bila ukali, akaeleza utaratibu wa kwao. Ng'ombe anaweza kuwa mnene, mtulivu, anatoa maziwa ndoo nzima, lakini mwenye kumuuza akificha sababu, hanunuliwi. Sababu iliyofichwa huhama pamoja na ng'ombe, ikaja kuzalia kwenye zizi jipya.

"Hii mali ni nzuri mno," alisema. "Kitu kizuri hivi hakiuzwagi bure bure." Akavaa kofia yake, akamuaga mzee wa kanisa, akaanza kwenda kwenye pikapu.

Baltazar alimtazama akienda. Aliona mlango wa pikapu ukifunguliwa, juu kabisa, kiti chake kikiwa sawa na kifua cha mtu. Akalitazama gari lake. Akatazama baraza, ambako mkono uliokuwa ukichambua mchele ulikuwa umesimama.

"Mama Ngolo," aliita.

Mwanamke akageuka, mguu mmoja ukiwa tayari kwenye ngazi.

"Mke wangu hawezi kukaa ndani yake," alisema Baltazar. Akiwa mtu wa utaratibu, alipoanza hakuruka kitu. "Nyonga haimruhusu. Mama yake yuko Butiama, ni mzee sana, na hawajaonana miezi tisa. Nataka nimpeleke mke wangu kwao kwa gari langu. Kwa hiyo nauza. Tena sitaki kuuza, na wanunuzi wawili nimewafukuza mwenyewe, mmoja kwa faili na mwingine kwa uongo. Hiyo ndiyo aya ya nane."

Mzee wa kanisa alitafuta kitu cha kutazama, akapata miguu yake.

"Uliniambia ni vipuri," Ghati alisema kutoka barazani.

"Uliniambia safari zimekuchosha."

"Kilichonichosha ni kukaa."

Aliuweka ungo kando, akashika fimbo, akashuka ngazi ya baraza hatua kwa hatua. Hakusimama kwenye gari jekundu, ingawa alipolipita aliligusa paa kwa vidole. Alikwenda moja kwa moja kwenye pikapu. Mama Ngolo akatoa nyuma kreti tupu la soda, akaliweka chini. Ghati alikanyaga kreti, akakanyaga ngazi, akaketi. Hakuna aliyehesabu moja, mbili, tatu. Kutoka huko juu macho yake yaliruka ukuta wa jirani na kulifikia ziwa.

"Naona mpaka kisiwa cha Rukuba," alisema.

Baltazar alijua vizuri, na angeweza kuonyesha kwenye ramani, kwamba kilichoonekana pale hakikuwa Rukuba. Alikaa kimya, jambo ambalo mkewe alilitambua.

"Sasa huyo ndiye ng'ombe mzima," alisema Mama Ngolo, akarudi mezani, akatia sahihi.

Kadi za magari wangebadilisha majina Jumatatu, kwa kuwa siku ile ilikuwa Jumamosi. Funguo zilibadilishana mikono, faili tatu zikapakiwa. Kisha Baltazar akatoka ndani amekumbatia kava la kijani, limekunjwa pembe nne, akaliwasilisha kama aya ya sita ilivyoahidi.

Mama Ngolo akarudi nyuma. "Hilo hapana. Ukiuza ng'ombe, kamba inabaki kwako. Ukimpa mnunuzi na kamba, umempa na zizi lako."

Baltazar akajitahidi kueleza, kwa upole na kwa kirefu, kwamba gari si ng'ombe, kwamba rangi hupauka juani, kwamba kava hili lilishonwa kwa umbo la gari hili na haliwezi kufaa jingine. Mama Ngolo alimsikiliza hadi mwisho, kwa sababu alikuwa mtu wa kufika mwisho, akasema atashona lake. Akaingia ndani ya Juzuu. Gari likakohoa mara mbili na kuondoka. Baltazar akabaki uani na kamba yake mikononi, akisikiliza jinsi gia zilivyobadilishwa kwenye kona. Zilibadilishwa vizuri. Hilo lilimuuma zaidi.

Jumapili, baada ya ibada, walikwenda Butiama. Pikapu ilinuka mashudu ya pamba na, kwa mbali, mbuzi. Ghati alikuwa amevaa gauni lake jipya na njia nzima alisalimia watu ambao hawakuweza kumsikia. Baltazar aliendesha kwa kilomita hamsini kwa saa, huku kava likiwa limelala kiti cha nyuma.

Bibi Kwangu alikuwa ameketi kwenye benchi mbele ya nyumba. Aliiona pikapu ikiingia, gari asilolijua. Alimwona binti yake akishuka, ana fimbo mkono mmoja na mkoba mkono mwingine. Aliusoma mlango, herufi moja moja, maana macho yake yalikuwa bado yanafaa.

"Karibu nyumbani, mwanangu," alisema hatimaye. "Chumba chako kipo. Nitaambia watoe mahindi yaliyomo."

"Mama, nimekuja kukusalimu tu."

"Ndiyo, ndiyo. Wote huanza hivyo." Akaonyesha mlango wa pikapu kwa kidevu. "Na huyo Tereza, ndiye aliyeingia baada yako?"

Ghati alishikwa na kicheko. Alijaribu kueleza, akafika kwenye neno trekta, kicheko kikamrudia, akaegemea fimbo, machozi yakimtiririka. Machozi hayo Bibi Kwangu aliyaona, akayapa maana yake mwenyewe, akaanza kumpapasa mgongo.

Baltazar alikuwa amesimama kando ya boma kwa heshima, kama mkwe anavyopaswa kusimama. Mkwe habishani na mama mkwe, wala hamwingilii neno; husubiri asalimiwe kwanza. Naye hakuwa anasalimiwa. Hata kadi ya gari mfukoni, ambayo angependa sana kuitoa kama ushahidi, ilikuwa bado na jina la Tereza.

Akaenda kwenye kiti cha nyuma, akachukua kava.

Miaka yote aliyokuja hapa, jambo lake la kwanza, kabla ya maji na kabla ya kukaa, lilikuwa kulifunika gari ili kuku wasilirukie. Kijiji kilimcheka kwa hilo. Bibi Kwangu alipenda kuwaambia wageni kwamba amewahi kuona wakwe walevi na wakwe wachoyo, lakini mkwe anayelivisha gari nguo anaye yeye peke yake. Baltazar alilikunjua kava sasa kwa utaratibu uleule: pembe ya kulia, pembe ya kushoto, vuta, nyoosha. Turubai ilifunika boneti, ikapanda kioo, ikashuka mlangoni na kulimeza jina la Tereza, kisha ikaishiwa. Nusu nzima ya nyuma ilibaki wazi, pamoja na makapi ya pamba. Alizunguka akilisawazisha pindo ambalo halikuwa na mahali pa kufika.

Bibi Kwangu aliacha kumpapasa binti yake. Alitazama kijani kile, akamtazama mtu aliyekuwa akikihangaikia.

"Kumbe ni mkwe mwenyewe," alisema. "Na gari ni lilelile." Akaliangalia tena, kutoka tairi hadi paa. "Limekua tu."

Akamwita aje asalimiwe. Baltazar alipokuwa akienda, kuku mwekundu aliruka juu ya sehemu iliyobaki wazi na kuanza kuchakura makapi. Baltazar alimwona vizuri. Akaendelea kutembea.